Upepo Mwingi Si Mwendo

Nataka kubishana na watu wawili. Wa kwanza ni fundi baiskeli wa kijiweni, ambaye kila akimaliza kuziba pancha hupiga pampu mpaka tairi linalia kama ngoma likigongwa kwa kidole, kisha anakukabidhi baiskeli yako kwa fahari: "Haya, sasa hii inakimbia." Wa pili ni kijana mwenzangu, msomi, mwenye baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya na matairi membamba kama kidole gumba. Anapita kwenye moramu mikono ikimtetemeka na meno yakigongana, lakini hataki kusikia habari za tairi pana, kwa sababu machoni pake tairi pana ni la wauza mkaa.

Wawili hawa wana imani moja: kwamba tairi gumu na jembamba ndilo lenye mbio. Kwenye lami nzuri imani hiyo ina ukweli kidogo. Kwenye barabara ambazo wengi wetu tunapita kila siku ni uongo, na tunaulipia kwa jasho, kwa viganja vilivyokufa ganzi, na wakati mwingine kwa mifupa.

Nikisema barabara zetu simaanishi barabara za vumbi peke yake. Namaanisha mchanganyiko. Toka Morogoro mjini kwa barabara kuu ya Iringa, uko kwenye lami na malori yanakupulizia moshi. Kata kona pale Sangasanga kuelekea Mlali na milima ya Mgeta, uone. Kutegemea msimu na lini greda lilipita mara ya mwisho, utakuta moramu iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, halafu changarawe huru inayoteleza kama gololi, halafu mikunjo iliyojipanga kama bati, halafu mchanga kwenye bonde, na masika udongo unaonata kama ugali. Hizo ni sura tano za barabara ndani ya safari moja. Huko Ulaya na Marekani watu wamezipa sura hizo jina, wanaziita grevo, na wanalipa pesa nyingi kwenda kuzitafuta wikiendi. Sisi tunazipitia kwenda sokoni.

Sasa tuulize kinachotokea chini ya tairi, maana hapo ndipo ugomvi huu unaamuliwa.

Tairi likikanyaga ardhi linabonyea, kisha linarudi. Mpira na kitambaa chake vinapokunjwa na kukunjuka, sehemu ya nguvu yako inageuka joto na kupotea. Ukijaza upepo zaidi tairi linabonyea kidogo zaidi, na hasara hiyo inapungua. Mpaka hapo fundi wa kijiweni yuko sahihi, na ndiyo maana hoja yake imeishi miaka mingi.

Lakini kuna hasara ya pili, ambayo fundi haioni kwa sababu haitokei kwenye tairi. Inatokea mwilini mwako. Tairi gumu likikutana na jiwe haliwezi kulimeza. Linapanda juu yake na kukupandisha wewe, baiskeli na begi lako. Kisha mnashuka wote kwa kishindo. Nguvu iliyokunyanyua ilikuwa ni ya kukupeleka mbele. Ikishakutikisa misuli, matumbo na mabega inaishia humo humo kama joto na uchovu, na hairudi tena kwenye gurudumu. Tairi pana lenye upepo wa kiasi linalikumbatia jiwe lile, linabonyea mahali padogo, na wewe juu yake unaendelea na safari karibu kama hakuna kilichotokea.

Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu njia ambayo mboga na nyanya hupita kutoka shambani hadi sokoni. Katika fani yangu hakuna anayebisha kwamba mtikisiko ni gharama. Nyanya iliyotoka shambani ikiwa nzima hufika ikiwa imechubuka, ngozi imelegea, maji yanavuja chini ya tenga. Nguvu iliyoponda nyanya ile ilitoka kwenye injini ya gari au kwenye miguu ya mtu, haikutoka mbinguni. Basi mwili wa mwendesha baiskeli nao ni tenga. Tofauti yake na nyanya ni kwamba wenyewe unajiponda na kupona, halafu kesho yake unarudi, na kwa kuwa unapona tunadhani haukulipa chochote.

Kwa nini basi dunia nzima iliamini kinyume kwa muda mrefu hivyo? Sababu moja ni mashine. Kwa miaka mingi matairi yamepimwa maabara kwa kuyazungusha juu ya pipa la chuma huku yakikandamizwa kwa uzito fulani. Pipa hilo likiwa laini, jibu halibadiliki: ongeza upepo, hasara inashuka. Na hata pipa likiwekewa bati lenye vinundu, juu ya tairi kuna chuma, hakuna mtu. Hakuna misuli ya kutikiswa. Mashine inapima hasara ya kwanza kwa uaminifu mkubwa na haiwezi kuiona hasara ya pili, kisha namba zake zinatolewa kana kwamba zimeona kila kitu.

Waliotoka maabara waliona tofauti. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Marekani, na wenzake walifunga mita ya kupima nguvu kwenye baiskeli wakaendesha juu ya rasta, zile zinazowekwa pembezoni mwa barabara kuu kumwamsha dereva anayesinzia, kisha wakaendesha kwenye lami laini iliyo pembeni yake. Juu ya rasta walihitaji nguvu nyingi mno kupata mwendo ule ule. Naye Josh Poertner, mhandisi aliyewahi kuwa kampuni ya Zipp kabla ya kwenda Silca, ameeleza kwamba kila barabara ina kiwango chake cha upepo ambapo tairi linakwenda vizuri kabisa. Ukikizidi kiwango hicho adhabu huja haraka, na huwa kubwa kuliko ya mtu aliyepungukiwa kidogo. Barabara ikizidi ubovu, kiwango nacho kinashuka. Najua utasema Heine anauza matairi na Silca inauza pampu. Ni kweli, na ni vizuri kulikumbuka. Ndiyo maana baadaye nitakupa jaribio lisilo na muuzaji.

Historia nayo iko upande wangu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alifunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Magurudumu ya wakati huo yalikuwa na mpira mgumu usio na upepo ndani. Watu walilicheka tairi lake lililovimba, mpaka mwaka 1889 Willie Hume alipolipeleka kwenye mashindano hapo hapo Belfast na kuwashinda wenye matairi magumu. Upepo uliingizwa kwenye tairi ili likubali kubonyea. Sisi tunapiga pampu mpaka libaki gumu kama lile ambalo Dunlop alilikimbia.

Hata wanambio wa Ulaya, ambao kwa miongo mingi walipanda matairi ya milimita 23 au pungufu yenye PSI 100 na zaidi, walijua. Kila mwaka ikifika Paris–Roubaix, mbio zilizoanza 1896 na zenye kilomita zipatazo 55 za mawe, walibadilisha matairi: wakaweka mapana zaidi, wakapunguza upepo. Siku moja kwa mwaka waliukubali ukweli, kisha wakarudi kwenye mazoea. Katika miaka kama kumi na tano iliyopita mazoea hayo yameanguka. Milimita 25 zikaja, zikafuata 28, na sasa hata kwenye lami utaona 30. Kwenye grevo wanapanda 40, 45 na kuendelea, na baadhi ya wanambio wa Marekani wamefunga hata matairi ya baiskeli za milimani.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Nenda kaitazame baiskeli ya babu, ile nzito ya chuma yenye breki za fimbo, Phoenix au Raleigh, ile ambayo Wakenya wanaiita Black Mamba. Inama usome ubavuni mwa tairi. Utaona 28 x 1½, na mara nyingi kando yake namba nyingine: 40-635. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Sasa soma tairi la grevo la kisasa lililoagizwa kwa bei inayotosha kununua baiskeli nzima ya babu. Imeandikwa 40-622. Kipenyo kinatofautiana kwa milimita 13, kwa hiyo haliingii kwenye ringi ya babu. Upana ni ule ule, milimita arobaini.

Simpambi babu. Tairi lake ni zito, mpira mnene na kitambaa kigumu, na ugumu huo unakula nguvu. La kisasa lina kitambaa chepesi kinachokunjika bila kinyongo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini upana, ambao leo unatangazwa kama ugunduzi, ulikuwa vijijini kwetu kabla sijazaliwa. Uliwekwa hapo na watengenezaji waliojua baiskeli inakwenda kwenye barabara mbovu. Kizazi changu ndicho kilichouona ni ushamba. Tumetupa milimita arobaini tukachukua ishirini na tano, na tumefanya hivyo wakati ule ule Ulaya ilipokuwa inapita njiani ikielekea upande wa pili.

Aibu hii ina gharama. Mwanafunzi ninayemfahamu aliteleza kwenye changarawe huru akiwa na matairi ya milimita 25 yaliyojaa kama jiwe, akavunjika mfupa wa bega. Aliambiwa na kila mtu kuwa hajui kuendesha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu upepo. Tairi gumu linagusa ardhi kwa kipande kidogo sana, na kwenye changarawe linarukaruka. Kila linaporuka halishiki kitu, na hapo breki na usukani vinabaki mapambo.

Upo upande mwingine wa aibu hii, nao ni heshima tunayowanyima wanaojua. Kule Mlali nilimkuta mzee anayeshusha nyanya kwa baiskeli, tenga limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Mbona unaangalia tairi badala ya nyanya?"

Nilimuuliza kwa nini la mbele limelegea kidogo na la nyuma limekaza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini sufuria huwekwa juu ya moto.

"La nyuma linabeba, la mbele linaonyesha njia. Anayebeba umpe upepo. Anayeonyesha njia ukimkaza sana, anakutupa."

Hizo sentensi zake zingetosha kuwa kanuni kwenye kitabu cha ufundi. Upepo hufuata uzito, na uzito wa baiskeli haugawanyiki sawa. Yeye hakusubiri mita ya nguvu kutoka Marekani. Alikuwa na nyanya, na nyanya zilimpa majibu kila alipofungua tenga.

Maneno yake yanajibu pia pingamizi la kwanza, lile la mzigo. Ndiyo, ukibeba gunia la mkaa nyuma jaza upepo, la sivyo ringi itagonga jiwe, ibane tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa pamoja. Fundi wa kijiweni amezoea kuhudumia baiskeli za mizigo, na kwa hizo pampu yake ni sahihi. Kosa ni kumjazia upepo wa gunia binti wa kilo 55 anayekwenda chuo na daftari.

Pingamizi la pili ni miiba. Wanasema tairi laini linatoboka. Mwiba wa mgunga hauulizi una upepo kiasi gani, unapita kote kote. Kinachoukinga ni unene wa mpira, au ile dawa ya kuziba inayomiminwa ndani ya matairi yasiyotumia tyubu, ambayo nayo kwenye joto letu hukauka na inabidi kuongezwa kila baada ya miezi michache. Jiwe lenye makali ndilo linalojali upepo: tairi lililokaza haliwezi kulikwepa kwa kubonyea, kwa hiyo linachanwa.

Pingamizi la tatu ni kashata. Vijana wengi wakiamua kuingia barabara za vumbi hutafuta tairi lenye kashata kubwa, wakiamini hizo ndizo zinazoshika. Kwenye lami na kwenye moramu ngumu, kashata ndefu zinajipinda na kula nguvu, na hazikushikishi zaidi. Kwenye lami yenye maji tairi la baiskeli lisilo na kashata kubwa linashika vizuri, maana ni jembamba mno na mwendo wake mdogo mno kuelea juu ya maji kama tairi la gari. Kwenye mchanga mkavu kinachokuokoa ni upana, usizame. Kashata zinalipa kwenye tope jepesi, kwenye majani, na kwenye kona za changarawe huru ambapo zile za pembeni zinachimba. Na kwenye udongo mweusi wa masika hakuna tairi lolote duniani litakalokusaidia. Mwaka 2023 kwenye mbio za Unbound huko Kansas, wanambio wenye baiskeli za bei ya gari walikutana na tope la namna hiyo, wakabeba baiskeli mabegani na kukwangua matope kwa vijiti. Hapo kinachohitajika ni nafasi kati ya tairi na fremu, na uvumilivu.

Sitaki nieleweke kuwa nazikataa mbio za grevo. Tangu 2021 Kenya ina Migration Gravel Race, siku nne katika nchi ya Maasai Mara, ambapo waendeshaji wa Afrika Mashariki wanakutana na wa Ulaya na Marekani kwenye ardhi isiyokuwa ngeni kwao. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki 2022 akiwa mbioni Vermont, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafungulia wenzake mlango huo. Ninachokataa ni kijana wa Dar es Salaam kutazama mbio hizo kwenye simu, akavutiwa na matairi mapana ya wageni, na bado akamcheka jirani yake mwenye Phoenix.

Sasa lile jaribio nililoahidi. Tafuta mteremko mfupi wa moramu unaoishia kwenye tambarare, usio na magari. Chukua pampu yenye geji, jaza kama fundi anavyopenda. Panda mpaka alama uliyoichora, achia breki, usikanyage pedali, shuka mpaka baiskeli isimame yenyewe, kisha weka jiwe hapo. Rudia mara tano. Punguza upepo kwa PSI 10, rudia. Punguza tena. Ukiwa na tairi la milimita 40 na kilo zako ni 70 hivi, usishuke chini ya 30. Kaa mkao ule ule kila mara, na chagua asubuhi isiyo na upepo mkali. Mimi na mwenzangu tumefanya hivyo zaidi ya mara moja. Kwenye lami mawe yetu yalikaa karibu karibu, ilikuwa vigumu kusema nani kashinda. Kwenye moramu mawe ya tairi lililolegezwa yalikuwa mbele, na viganja vyetu vilijua hivyo kabla hatujapima.

Kama huna geji, bonyeza tairi kwa kidole gumba ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Likigoma kabisa kama ukuta, na hujabeba mzigo, limezidi. Ukinunua tairi, soma namba ubavuni, chukua pana kuliko yote ambayo fremu yako inaruhusu huku ikibaki nafasi ya tope, na uliza kama kitambaa chake kinakunjika mkononi. Fundi akikujazia kupita kiasi, mwambie kwa heshima apunguze, na umweleze sababu. Fundi anayeelewa sababu ataifundisha mitaa mitatu.

Na mtu asitumie hoja yangu kumwachilia anayepaswa kutengeneza barabara. Tairi pana linapunguza ukatili wa barabara mbovu, haliigeuzi kuwa barabara nzuri. Tangu 2017 tuna TARURA kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na zile za kwenda mashambani zinahitaji greda na mitaro ya maji kabla masika hayajaja. Hilo tutaendelea kulidai. Lakini greda halitafika kesho asubuhi, na kesho asubuhi watu watapanda baiskeli. Kupunguza upepo hakugharimu shilingi. Kinachohitajika ni kukubali kwamba mzee wa nyanya alikuwa anajua alichokuwa anafanya.